Kabla ya Kubomoa Ukuta wa Nyumba ya Urithi

Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, iliyoenea Magomeni, Ilala na Temeke, ina mpango unaojulikana na kila mkazi wa Dar es Salaam: baraza mbele, ukumbi mwembamba katikati, vyumba vitatu kila upande, kisha uani kwenye jiko, bafu na choo. Mpango huo ulitanguliza sitara. Mgeni wa kiume aliishia barazani, na akina mama wakaendelea na shughuli zao uani pasi na kuonwa. Leo familia nyingi zataka kuubadilisha: choo kiingie ndani, vyumba viwili viunganishwe kuwa sebule, mabati yaliyokula kutu yaondolewe. Hilo ni jambo jema. Linalostaajabisha ni kwamba kazi kubwa namna hiyo huanza kwa nyundo.

Fundi huitwa, hupewa fedha za tofali na saruji, akaonyeshwa ukuta kwa kidole. Mchoro hakuna, hesabu hakuna. Fedha zikiisha ilhali nyumba iko wazi, pande mbili hufika ofisini kwetu msikitini kutaka suluhu, kila mmoja akiwa na kumbukumbu yake ya yale yaliyosemwa. Kamati hukosa la kushika, maana hakuna karatasi hata moja.

Familia inayokusudia kubadili nyumba yapaswa kuanza kwa msanifu majengo. Yeye huchora mpango. Mhandisi hupima uwezo wa jengo kubeba uzito, na mkadiriaji majenzi hutoa mchanganuo wa vifaa na gharama. Mbunifu wa mambo ya ndani hushughulikia mwanga, rangi na samani. Kwa Tanzania Bara, wasanifu na wakadiriaji husajiliwa na bodi yao chini ya sheria ya mwaka 2010, na si utovu wa adabu kumwomba mtu namba yake ya usajili. Kijana mwenye kompyuta aweza kukuletea picha ya sebule yenye kupendeza mno bila kujua ni ukuta upi uliobeba kenchi.

Ukuta huo ndio hatari yenyewe. Ukuta wa kugawa vyumba huweza kuondolewa kwa usalama. Unaobeba paa ukiondolewa pasipo kuwekwa mhimili mwingine, mzigo wake hutafuta njia. Nyufa hutokea juu ya milango, lenta hupinda, na siku moja paa hushuka. Majengo ya zamani yana siri zaidi. Vyumba vya nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Zanzibar ni vyembamba kwa sababu dari zake zilibebwa na boriti za mikoko, ambazo urefu wake una kikomo. Anayetaka sebule pana humo anashindana na mti wenyewe. Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, liliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafariki, Allah awarehemu. Na huko Mji Mkongwe hubadilishi hata dirisha bila idhini ya mamlaka ya uhifadhi, kama ambavyo bara kazi ya kubomoa na kujenga huhitaji kibali cha halmashauri.

Mazungumzo ya kwanza na msanifu yasiwe ya vigae. Mwelezeni namna mnavyoishi. Sura An-Nur, aya ya 58, imetaja nyakati tatu ambazo hata watoto wa nyumbani huomba idhini kabla ya kuingia. Basi mlango wa chumba cha wazazi usifunguke moja kwa moja sebuleni. Choo kuelekea kibla ndani ya jengo ni suala ambalo wanazuoni wamekhitilafiana, lakini kukigeuza kwenye karatasi hakugharimu kitu, ilhali kukigeuza baada ya zege ni msiba. Mtajieni mahali pa kutawadhia, na bibi asiyeweza kupanda ngazi.

Malipo yake huwa ama asilimia ya gharama za kazi, ama kiasi kimoja cha mapatano. Ulizeni kinahusisha nini: marekebisho mangapi ya mchoro, ziara ngapi za ukaguzi. Ulizeni pia, bila kuona haya, kama hupata chochote kutoka dukani anakowaelekeza kununua. Kisha andikeni, mkaweke mashahidi, na mlipe kwa hatua.

Limebaki jambo zito kuliko saruji. Nyumba nyingi kati ya hizi ni za marehemu, na mirathi haijagawanywa. Ndugu mmoja mwenye uwezo huikarabati kwa fedha zake kwa nia njema. Miaka ikipita, yeye huiona kuwa yake, na wenzake huona alijitolea. Iamuliwe mapema, kwa maandishi, iwapo fedha hizo ni zawadi, ni deni la warithi wote, au zitahesabiwa siku ya kugawana. Msanifu mwangalifu atauliza hati na idhini ya warithi kabla ya kuchora, msimkasirikie. Wote wakishatia saini, nakala moja ya mchoro ipelekwe kwa dada aliyeolewa mbali, kwani naye ana fungu lake katika ukuta ule.