Siku za Safari Zinazorefusha Kifungo

Kijana akikamatwa Salamabila au kijiji chochote cha Kabambare, mkoani Maniema, ndugu zake huuliza kwanza: atatoka lini? Wengi hulipeleka swali hilo kwa mkuu wa gereza, naye hana jibu. Kazi yake ni kutunza watu. Humpokea aliyeletwa na karatasi, humwandika katika rejista, na hana ruhusa ya kumwachilia mpaka ije karatasi nyingine. Basi anayetaka kuyaelewa magereza ya Kongo aanzie kwenye karatasi hizo na tarehe zake.

Sheria imezihesabu siku kwa makini. Katiba ya 2006, kifungu cha 18, inawapa polisi saa 48 tu. Zikiisha, mtu aachiliwe au akabidhiwe kwa parke, yaani ofisi ya waendesha mashtaka. Parke ikitoa hati ya kumshika kwa muda, ina siku 5 za kumfikisha mbele ya hakimu. Hakimu akikubali abaki ndani, amri yake hudumu siku 15, kisha inaweza kuongezwa mwezi kwa mwezi. Kosa ambalo adhabu yake haizidi miezi 2 huruhusu nyongeza moja tu. Likiwa na adhabu ya miezi 6 au zaidi, baada ya nyongeza 3 mfululizo hakimu hana budi kuamua katika kikao cha wazi.

Lakini dekreti ya 1959 ya mashauri ya jinai, inayotoa hesabu hiyo, ina kifungu kidogo: parke na hakimu wasipokuwa mahali pamoja, zile siku 5 huongezewa muda wa lazima wa safari. Amri ya 1978 nayo inawapa polisi nafuu kwa sababu ya umbali. Waliotunga waliijua nchi hii, siwalaumu. Hata hivyo, kutoka Kabambare hadi Kasongo, penye tribinali kubwa, ni zaidi ya kilomita 100, na masika hugeuza barabara kuwa tope. Kituo kisicho na gari wala mafuta humngoja mtu wa kulipia pikipiki. Mara nyingi mlipaji ni familia, inayogharamia safari ya mtuhumiwa pamoja na mlinzi wake. Asiye na fedha husubiri, na kusubiri kwake huandikwa kuwa muda wa safari. Nasema wazi: huo ni uonevu, hata kama kila karatasi ina muhuri.

Hali huwa ngumu zaidi kwa anayetuhumiwa kwa silaha za kivita, jambo la kawaida kule ambako wanamgambo wa Mai-Mai Malaika wamepigana kuuzunguka mgodi wa dhahabu wa Namoya. Huyo, hata akiwa raia, huangukia mikononi mwa mahakama ya kijeshi, na faili lake laweza kwenda mpaka Kindu, mji mkuu wa mkoa.

Magereza yenyewe yamo chini ya Wizara ya Sheria, Kinshasa. Amri namba 344 ya 17 Septemba 1965 iliyapanga kufuata ngazi za mahakama na utawala: gereza kuu penye mahakama ya mwanzo, gereza la wilaya penye ofisi za wilaya, gereza la polisi penye mahakama ya polisi. Ulinzi kwa sehemu kubwa hufanywa na polisi na askari wa jeshi. Pesa za chakula hutoka Kinshasa kwa kuchelewa, kwa hiyo sahani ya mfungwa hutegemea jamaa, kanisa na misaada. Mtu wa Kabambare aliyefungwa Kasongo yuko mbali na hakimu wake kwanza, kisha mbali na chungu cha mama yake.

Msongamano huanzia kwenye kumsubiri hakimu. Gereza kuu la Makala, Kinshasa, lilijengwa kwa watu 1,500. Mwaka 2024 lilikuwa na zaidi ya 12,000, wengi wao bila hukumu. Tarehe 2 Septemba mwaka huo jaribio la kutoroka liliua watu 129 kwa hesabu ya serikali. Hayo yalitokea ingawa Bunge lilikuwa limetoa sheria mpya ya magereza mwaka 2023.

Ndugu waende kwa karani wa gereza wakaulize amri ya mwisho ya hakimu ni ya tarehe ngapi, na inaisha lini. Ikiwa imepita, waiandikie parke na kubaki na nakala. Wanaweza pia kuomba dhamana kabla ya kesi kusikilizwa. Hukumu ikitoka, siku zote alizokaa ndani kabla yake lazima zikatwe kwenye adhabu. Na akitimiza robo ya adhabu, mradi amekaa zaidi ya miezi 3, anaweza kuombewa kuachiliwa kwa masharti.