OpenSSL 3.5: Ulinzi Unaokuja Bila Kuombwa

Tarehe 8 Aprili 2025 lilitoka toleo la 3.5 la OpenSSL. Nje ya vyumba vya seva ni wachache waliosikia habari hiyo, na si ajabu, kwa sababu OpenSSL haina alama ya kubonyeza wala ukurasa wa kutazama. Ni maktaba ya programu, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa na kupimwa, ambao programu nyingine huuazima ili zisianze kazi ya usimbaji fiche kutoka sifuri. Seva za wavuti kama Apache na Nginx huitumia. Hifadhidata ya PostgreSQL huitumia, na seva nyingi za barua pepe vilevile. Unapofungua tovuti yenye https, mara nyingi OpenSSL ndiyo iliyoko upande wa pili ikiyaficha mazungumzo yenu.

Mabadiliko ya toleo hili ni mengi, lakini mojawapo linafaa kueleweka hata na asiyewahi kuandika mstari mmoja wa msimbo. Kuanzia 3.5, hesabu zilizobuniwa kuzihimili kompyuta za kwanta zinafanya kazi zenyewe, bila mtu kuziwasha.

Ili tuone uzito wake, tuanze na salamu. Kivinjari chako na seva ya benki havijawahi kukutana. Kabla ya kupeana siri yoyote, lazima vikubaliane ufunguo wa pamoja, na makubaliano hayo yanafanyika hadharani, kwenye nyaya ambazo wengine wanaweza kuzisikiliza. Kwa miaka mingi kazi hiyo imefanywa na njia iitwayo X25519. Kila upande hutuma baiti 32 tu, kisha pande zote mbili hukokotoa ufunguo uleule ambao msikilizaji hawezi kuupata. Kinachomzuia ni fumbo la hisabati ambalo kompyuta za kawaida haziwezi kulifumbua kwa muda wowote wenye maana.

Mwaka 1994 mwanahisabati Peter Shor, wakati huo akiwa Bell Labs nchini Marekani, alionyesha kwamba kompyuta ya kwanta yenye ukubwa wa kutosha ingelifumbua fumbo hilo, pamoja na lile linaloilinda RSA, njia nyingine ya usimbaji inayotumika sana. Hadi leo hakuna mashine inayojulikana yenye uwezo huo. Basi haraka ya nini?

Haraka ni kwa sababu mawasiliano ya leo yanaweza kurekodiwa leo na kufunguliwa baadaye. Anayeyanasa hahitaji kuyaelewa sasa. Anahitaji diski za kuyahifadhi na subira. Namba ya siri ya matumizi ya mara moja itakuwa imekwisha kazi zamani. Lakini majibu ya vipimo vya hospitali, ushahidi wa kesi au jina la mtu aliyempa mwandishi habari za rushwa, hayo yanapaswa kubaki siri miaka ishirini, hata hamsini. Kwa data ya aina hiyo, hatari imekwisha kuanza.

Sahihi za kidijitali, zinazothibitisha kwamba tovuti ni yenyewe, zina muda zaidi wa kusubiri. Anayetaka kughushi cheti cha tovuti lazima awe na mashine hiyo wakati cheti kinapokaguliwa. Kukirekodi leo hakumsaidii kughushi ukaguzi uliokwisha kupita. Ndiyo maana wataalamu wametanguliza makubaliano ya ufunguo, na vyeti vinafuata.

Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilianza kutafuta hesabu mpya mwaka 2016 kwa mashindano ya wazi yaliyowaalika watafiti wa dunia nzima. Tarehe 13 Agosti 2024 ilitangaza viwango vitatu: ML-KEM kwa ajili ya kukubaliana ufunguo, kisha ML-DSA na SLH-DSA kwa ajili ya sahihi. OpenSSL 3.5 imevibeba vyote vitatu. Kabla yake, msimamizi wa mfumo aliyevitaka ilimbidi aongeze kijalizo kutoka mradi mwingine, na wengi hawakujisumbua.

Hata hivyo, waandishi wa OpenSSL hawakuitupa X25519. Kivinjari au programu inayotumia toleo hili, ikianza salamu, hutanguliza mseto uitwao X25519MLKEM768. Hesabu ya zamani na hesabu mpya hufanyika kwa pamoja, kisha matokeo yake huchanganywa kuwa ufunguo mmoja. Ni mlango wenye kufuli mbili za mafundi tofauti: mwizi aliyejifunza kuifungua moja bado yuko nje.

Tahadhari hiyo ina sababu. Mwaka 2022 Wouter Castryck na Thomas Decru wa Chuo Kikuu cha KU Leuven, Ubelgiji, waliivunja SIKE, mojawapo ya hesabu zilizokuwa bado zikishindana kwenye mchujo wa NIST. Hawakuhitaji kompyuta ya kwanta. Kwa kiwango chake cha chini, kiini kimoja cha prosesa ya kawaida kilimaliza kazi kwa takriban saa moja. ML-KEM imejengwa juu ya fumbo tofauti kabisa na imechunguzwa kwa miaka, lakini hakuna mtaalamu makini atakayeapa kwamba hesabu changa haina ufa. Mseto unampa mtumiaji ulinzi mpya bila kumnyang'anya ule wa zamani.

Gharama ipo, nayo ni ya ukubwa kuliko ya kasi. ML-KEM hukokotoa upesi, ila ufunguo wake wa umma una baiti 1,184. Ukijumlisha baiti 32 za X25519, sehemu moja tu ya salamu inafikia baiti 1,216. Pakiti ya kawaida ya mtandao hubeba baiti 1,500 hivi, na salamu ina mambo mengine mengi ndani yake, kwa hiyo ujumbe uliokuwa ukitosha kwenye pakiti moja sasa humwagikia ya pili. Mwaka 2024, kivinjari cha Chrome kilipowasha mseto wa awali wa aina hii, baadhi ya seva na fayawoli zilikata mawasiliano kwa sababu waliozitengeneza walichukulia kwamba salamu nzima hufika kwa mkupuo mmoja. Ukiona tovuti ya ndani ya ofisi imegoma kufunguka mara tu baada ya kupandisha toleo, anza kukagua vifaa vya katikati kabla ya kuilaumu maktaba.

Ili kutowaacha walio nyuma, OpenSSL 3.5 hutuma pia X25519 peke yake ndani ya salamu hiyohiyo. Seva isiyoijua ML-KEM huchagua ya zamani, na mazungumzo yanaendelea bila kupoteza muda. Lakini hapo ndipo penye mtego: mtumiaji haoni tofauti yoyote. Alama ya usalama kwenye kivinjari ni ileile, ulinzi ni wa jana. Ili mseto ufanye kazi, lazima pande zote mbili ziwe zimepandisha toleo.

Mabadiliko mengine yafaa kutajwa kwa ufupi. Amri za kusimba barua pepe na funguo, ambazo zilikuwa zikitumia njia ya zamani ya usimbaji iitwayo 3DES kama mpangilio wa mwanzo, sasa zinatumia iliyo imara zaidi, AES-256. 3DES imetokana na DES ya mwaka 1977, na NIST yenyewe ilishaacha kuiruhusu kwa usimbaji mpya baada ya 2023. Pia sasa seva inaweza kuzungumza QUIC kupitia OpenSSL. QUIC ni itifaki iliyosanifiwa mwaka 2021, ambayo huunganisha salamu za mtandao na salamu za usimbaji kuwa hatua moja. Anayefungua tovuti iliyohifadhiwa Ulaya akiwa Mwanza au Kisumu hupunguziwa safari moja ya kwenda na kurudi kabla ukurasa haujaanza kushuka.

Kwa msimamizi wa mfumo, swali ni lini apande. Toleo la 3.5 litahudumiwa hadi Aprili 2030. Huduma ya toleo la 3.0, lililotoka Septemba 2021, inakoma tarehe 7 Septemba 2026, na hilo ndilo lililomo kwenye mifumo ya Linux ya Debian 12 na Ubuntu 24.04. Wasambazaji hawa huendelea kuliziba viraka wenyewe, kwa hiyo namba ya toleo peke yake haimaanishi kwamba seva iko wazi. Ila viraka kwa kawaida huziba mianya; havileti hesabu mpya. Debian 13 imekuja na 3.5 tayari.

Kupanda nako si mwisho wa kazi. Andika `openssl version` ujue uko wapi, kisha jaribu seva yako kwa `openssl s_client -connect` ukifuatisha anwani yake na namba ya mlango, 443. Katika majibu tafuta jina X25519MLKEM768. Usipoliona ilhali umeshapanda, fungua faili la mipangilio. Mara nyingi utakuta mstari kama `ssl_ecdh_curve secp384r1` ulionakiliwa miaka iliyopita kutoka kwenye mwongozo fulani. Mstari huo unaiambia Nginx itumie njia moja tu, na hivyo kuufuta mpangilio mpya wa maktaba. Hakikisha pia kwamba TLS 1.3, toleo jipya la itifaki ya https, imeruhusiwa, kwa sababu mseto huu haufanyi kazi kwenye TLS 1.2. Kisha anzisha upya huduma zote, maana programu iliyokuwa ikiendelea kufanya kazi bado imeshikilia maktaba ya zamani kwenye kumbukumbu.

Aprili 2014, mwanya wa Heartbleed ulipotangazwa ndani ya OpenSSL hiihii, toleo lililouziba lilitoka siku ileile. Hata hivyo seva nyingi zilibaki wazi kwa muda mrefu, kila ombi likiweza kumwaga hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu, kwa kuwa hakuna aliyeshughulika kupandisha toleo. Waandishi wa maktaba wamefanya sehemu yao mara nyingine. Kama hospitali yako, chama chako cha akiba na mikopo au shule ya mwanao inahifadhi kumbukumbu zako mtandaoni, muulize anayesimamia mfumo swali moja: seva yenu inatumia OpenSSL toleo gani, na mtapanda lini? Asiyekuwa na jibu, mpe muda wa kulitafuta, kisha rudi umuulize tena.