Sura ya 4: Nani Huambiwa "Rudi Kwenu"?

Kila ninapofundisha isimujamii nje ya chuo, huulizwa kama maneno "rudi kwenu" ni ya kibaguzi. Waulizaji hutaka ndiyo au hapana ili wayaingize kwenye orodha ya maneno yaliyopigwa marufuku. Orodha hizo zimekuwa mtindo wa semina, nami nazipinga. Anayedhani neno hudhuru kwa kutamkwa tu hajaachana na yule anayeogopa kumtaja nyoka usiku.

Jioni pale Bwaise, mtaa wa Kampala, mama humwambia mtoto wa jirani kwa Kiganda, "Ddayo ewammwe," yaani "rudi kwenu," giza limeingia, na mtoto hurudi kwao bila kinyongo. Mwenye nyumba akitamka maneno hayohayo mbele ya mpangaji aliyetoka Arua, wakigombania mtaro uliozibwa na takataka, amefanya jambo jingine kabisa.

Hapo hujitokeza wa kundi la pili: "Basi inategemea muktadha, na mimi sikuwa na nia mbaya." Kosa hili nakutana nalo kuliko yote. Muktadha wameugeuza kuwa moyo wa msemaji, mahali asipoweza kuingia shahidi yeyote. Muktadha huonekana na kusikika: walikuwa wanabishania nini, nani huambiwa maneno hayo, nani haambiwi kamwe, na walioambiwa zamani walifanywa nini baadaye. Bwaise imejengwa kwenye bonde la kinamasi linalofurika mvua zikinyesha, na wakazi wake wengi, wao au wazazi wao, walitoka kwingine: Masaka, Kabale, Gulu, Arua, Kongo. Wa Masaka naye ni mhamiaji, ila ametoka humohumo Buganda. Akiziba mtaro ataitwa mchafu na mkorofi, lakini hakuna atakayemwambia arudi Masaka. Wa Arua ataambiwa arudi kwao. Kosa moja, majibu mawili: ubaguzi umo humo.

Wengine hunijibu kwamba sote ni weusi, kwa hiyo ubaguzi wa asili haupo. Rangi si sharti. Septemba 2009, serikali ilipomzuia Kabaka Ronald Mutebi, mfalme wa Buganda, kuzuru Kayunga, ghasia zilienea Kampala hadi Bwaise na watu zaidi ya 20 wakafa, wengi kwa risasi za askari. Kwenye vizuizi vya barabarani, baadhi ya wapita njia walilazimishwa kuimba wimbo wa Buganda, na wasioujua walipigwa. Aliyeambiwa "ddayo ewammwe" wiki iliyofuata alikuwa na kila sababu ya kuangalia mlango uko wapi.

Wala siwezi kupita bila kusimulia mwaka 1972, maana ndio mfano unaonisumbua zaidi.

Tarehe 4 Agosti, akiwa Tororo, Idi Amin, rais wa Uganda wakati huo, alitangaza kwamba Waasia waondoke, kisha akawapa siku 90. Alidai Mungu ndiye aliyemwagiza ndotoni. Inasikitisha kwamba hadi leo wapo wanaoijadili ndoto hiyo, huku wakiacha daftari za biashara zilizokuwa wazi mbele ya kila mtu. Manung'uniko yalikuwa ya kweli: chini ya ukoloni, viwanda vya kuchambua pamba na biashara ya jumla vilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa Waasia, na mwaka 1959 Augustine Kamya aliongoza mgomo wa kutonunua kwenye maduka yao. Dai la bei ya pamba lina majibu yake: leseni, mikopo, vyama vya ushirika. "Rudini kwenu" haligusi pamba hata kidogo. Huuliza ulizaliwa na nani. Ndiyo maana hata wenye uraia wa Uganda walipangwa foleni wakaguliwe karatasi, na wengi wakanyang'anywa uraia huo kwa dosari za makaratasi. Kwao kulikuwa Kampala, Jinja, Mbale.

Septemba hiyohiyo, halmashauri ya jiji la Leicester, Uingereza, ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwashauri wasiende huko: nyumba na shule zimejaa. Lugha yake ilikuwa ya adabu. Lipitishe kwenye orodha yoyote ya maneno machafu, litatoka safi. Waliolisoma walikuwa wanaambiwa Kampala si kwao, na sasa Leicester nako wasikanyage. Takriban 28,000 waliingia Uingereza, na wengi walikwenda Leicester vilevile.

Sheria ya Uganda, ajabu, imewatangulia wenye orodha. Kosa la kuchochea mgawanyiko, lililojulikana kwa miaka mingi kama kifungu cha 41 cha Kanuni ya Adhabu, halitaji neno hata moja. Huangalia kama kauli inaelekea kuleta chuki au dharau kwa sababu ya dini, kabila au eneo mtu alikotoka, na humpa utetezi aliyeitamka ili kuufichua au kuupinga mgawanyiko huo.

Kwa hiyo mwenyekiti wa LC1, baraza la ngazi ya chini kabisa mtaani, anayepokea malalamiko asiishie kuandika neno lililotamkwa. Aandike ugomvi ulihusu nini, akina nani wengine walizozana na mtu huyohuyo juu ya mtaro huohuo, na wao waliambiwa nini.