Mafahali Wawili, Zizi Moja: Kamisaa wa Siasa katika Jeshi la Kisovieti (2)

Juma lililopita tulimwacha Trotsky na kitendawili chake cha mwaka 1918. Jeshi Jekundu lilitaka watu wanaojua vita, na waliovijua ni maofisa wa Tsar, wale wale waliopinduliwa. Akawaajiri kwa maelfu. Lakini kila kamanda akawekewa mtu wa chama ubavuni, kamisaa, na amri ya kamanda haikuwa amri mpaka kamisaa naye atie saini.

Saini hiyo ya pili haikutulia. Frunze, aliyempokea Trotsky uongozi wa jeshi, alianza kuiondoa mwaka 1925. Stalin akairudisha 1937, alipokuwa akiwafagia majemadari wake. Ikafutwa 1940, baada ya aibu ya vita vya Ufini, ikarudi Julai 1941 Wajerumani walipovamia, kisha ikafutwa tena Oktoba 1942, Stalingrad ikiwaka moto. Wakuu wakiwashuku maofisa, kamisaa huyo anarudi. Vita vikidai uamuzi wa dakika moja, anaonekana mzigo.

Tangu hapo akawa zampolit, naibu wa kamanda kwa mambo ya siasa: kufundisha itikadi, kusomea askari magazeti, kusikiliza shida zao za nyumbani. Kwetu Tanzania cheo hiki si kigeni. Jakaya Kikwete alikuwa kamisaa wa siasa Monduli enzi za chama kimoja.

Wengi humwona zampolit kama jasusi tu. Mimi naona hilo ni nusu ya habari. Hitler aliwaogopa makamisaa kiasi cha kuagiza, Juni 1941, kwamba wakitekwa wapigwe risasi. Na wapo walioyaamini mahubiri yao kuliko waliowatuma.

Valery Sablin alikuwa zampolit wa manowari Storozhevoy, jina lenye maana ya mlinzi. Jioni ya Novemba 8, 1975, meli ikiwa Riga, alimvuta nahodha chini ya sitaha akamfungia humo. Mabaharia walikuwa wakitazama filamu ya Battleship Potemkin, inayohusu uasi wa mabaharia wa 1905. Maofisa aliwapigisha kura kwa kete za dama: nyeupe kuunga mkono, nyeusi kukataa. Alitaka kuwatangazia wananchi kwamba viongozi wamemsaliti Lenin. Kiongozi mkuu wakati huo alikuwa Brezhnev, naye ofisa wa siasa wa zamani vitani. Ndege za kivita ziliisimamisha meli kwa mabomu, na Agosti 1976 Sablin alipigwa risasi.

Itaendelea.