Hewa ya Jiji la Mbeya: Bonde, Kipupwe na Moshi

Jiji la Mbeya limekaa bondeni, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kaskazini kuna safu ya milima ya Mbeya, ambako kilele cha Loleza kinafikia mita 2,656. Kusini na kusini-mashariki kuna milima ya Uporoto. Bonde hilo halikuzibwa pande zote, kwani mashariki linashuka kuelekea tambarare ya Usangu na magharibi kuelekea Songwe na Ziwa Rukwa. Kwa sababu hiyo hewa chafu hutuama kwa saa kadhaa, si kwa wiki nzima kama katika miji iliyozungukwa na milima kila upande.

Vyanzo vya uchafuzi havibadiliki sana mwaka mzima: mkaa na kuni, malori yanayokatiza jijini kuelekea Tunduma, daladala na bajaji, taka zinazochomwa uani. Mwinuko nao huchangia. Kanieneo ya hewa hapo ni kama asilimia 82 ya ile ya pwani, hivyo injini ya dizeli iliyochakaa hukosa oksijeni ya kutosha na kutoa masizi mengi inapopanda mlima. Kinachobadilika hasa ni kina cha hewa ambamo moshi huo unachanganyika.

Wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti, usiku hauna mawingu na hewa ni kavu, kwa hiyo ardhi hupoteza joto upesi. Hewa iliyogusana nayo hupoa na kuwa nzito, na ile ya miteremkoni hutiririka hadi bondeni. Kwa kawaida joto hupungua wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Alfajiri ya Julai mambo huwa kinyume: hewa ya chini ndiyo baridi, ya juu yake ina vuguvugu, na tabaka hilo la juu huwa dari ambayo moshi haupenyi. Saa hizo ndizo za kuwasha majiko na kuondoa magari. Jua likishapasha ardhi, baina ya saa tatu na saa tano asubuhi, hewa huanza kupanda na dari hubomoka. Jioni hujengeka upya. Kipimo kilichochukuliwa saa nane mchana, basi, hakisemi lolote la maana kuhusu hewa waliyovuta wanafunzi njiani saa moja asubuhi.

Baridi hiyo, ambayo usiku hushuka chini ya nyuzi 10, huwafanya watu waingize jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Hapo hatari kubwa haionekani: monoksidi ya kaboni haina rangi wala harufu, na huweza kuua watu wakiwa usingizini.

Septemba na Oktoba dari ya asubuhi hudhoofika, lakini vumbi huongezeka. Mashamba yamekauka, upepo wa kusini-mashariki unapuliza, na nyasi zinachomwa kuandaa kilimo. Moto si wa Mbeya peke yake. Ukanda mpana wa Zambia, kusini mwa Kongo na Angola huwaka katika miezi ya kiangazi, na ukungu wa moshi hufunika vilele vya mbali.

Mvua za Novemba hadi Aprili hulaza vumbi, na mawingu huzuia ardhi kupoa kupita kiasi usiku. Hata hivyo sifa ya mvua hukuzwa mno. Matone hunasa kwa urahisi chembe kubwa, ilhali zile ndogo kuliko mikromita moja, ambazo hufika ndani kabisa ya mapafu, nyingi huyaponyoka. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza mwaka 2021 kwamba wastani wa mwaka wa chembe zisizozidi mikromita 2.5 usipite mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo. Kando ya barabara kuu, au katika jiko linalopikia kuni mbichi, kiwango hicho huvukwa hata mvua ikinyesha.