MCHUMIA JUANI ASIFIE JUANI

Wahenga walinena kuwa mchumia juani hulia kivulini. Sipingani na wahenga, lakini nina swali moja: je, anayeanguka kabla hajafika kivulini, hula wapi?

Swali hili lilinijia mwezi wa Februari mwaka huu. Mjomba wangu hukata mawe katika timbo moja huku kwetu Kilifi. Siku hiyo, mnamo saa saba mchana, alianza kuongea maneno yasiyoeleweka, akapepesuka, kisha akaanguka chini pu! Wenzake wakaanza kubishana. Huyu anasema ni malaria, yule ati amekumbwa na pepo. Bahati nzuri, mzee mmoja wa pale alimburuta hadi chini ya mwembe, akamvua shati na kummwagia maji, wengine wakimpepea kwa gunia. Walipomfikisha hospitali kwa tuktuk, daktari alisema si malaria wala pepo, ni joto.

Joto humdhuruje mtu? Mwili wenye afya huwa na joto la nyuzi 37 hivi. Tunapofanya kazi ngumu misuli huleta joto zaidi, nasi tukatoka jasho. Jasho likikauka juu ya ngozi, huondoka na lile joto. Lakini hapa Pwani wakati wa kaskazi hewa imejaa unyevu, kwa hivyo jasho hutiririka tu bila kukauka. Timboni mambo ni mabaya zaidi, kwani ni shimo lisilo na upepo, na mawe meupe humrudishia mtu jua usoni. Maji yakipungua mwilini, moyo hupiga mbio. Joto la mwili likifika nyuzi 40 au zaidi, ubongo huathirika na mtu anaweza kufa.

Dalili za mwanzo ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kukakamaa misuli. Mtu akianza kuongea ovyo, huo si mzaha tena! Mpelekeni kivulini, mpozeni kwa maji na kumpepea, na mtafute gari la hospitali upesi. Aliyezirai asinyweshwe kitu, atapaliwa.

Hata hivyo, kinga ni bora kuliko tiba. Kwanza, mfanyakazi anywe kikombe cha maji kila baada ya dakika 20 hivi, asingoje kiu. Mnazi si maji, jamani! Pombe huzidi kuukausha mwili. Pili, kazi nzito ianze alfajiri, na jua la utosi liwakute watu kivulini. Tatu, mgeni kazini asibebeshwe mzigo sawa na wenyeji siku ya kwanza. Mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kulizoea joto. Nne, watu wafanye kazi wawili wawili ili kila mmoja amwangalie mwenzake.

Nilimwuliza mjomba kwa nini siku ile hakupumzika. Akanijibu, "Mwanangu, sisi hulipwa kwa hesabu ya mawe. Nikikaa kivulini, wanangu watakula nini?" Nilinyamaza.

Kwa hivyo, maoni yangu ni kwamba jambo hili haliwezi kuachiwa kibarua peke yake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi maji safi ya kunywa ya kutosha, tena mahali wanapoweza kuyafikia. Wenye matimbo na mijengo waweke pia kivuli, na dakika za kupumzika zilipwe. Maiti hakati mawe.

Wanafunzi wenzangu, wengi wetu karo yetu hutoka juani. Jioni ya leo ukifika nyumbani, waeleze wazazi haya uliyoyasoma. Mjomba amerudi timboni, lakini sasa huenda na dumu la maji la lita tano. Mimi ndiye humjazia kila asubuhi kabla ya kuja shule.