Fahamu: Kwa nini kunguru ni mgumu kutegwa

Kunguru wa Kihindi, yule mwenye shingo ya kijivu, aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili ale takataka. Leo amejaa Mombasa, Malindi na Dar es Salaam, akila mayai na makinda ya ndege wa asili. Kumpunguza ni kazi ngumu, hasa kwa sababu ya akili ya jamii hii ya ndege.

Hasahau sura

Mwaka 2006 mjini Seattle, Marekani, mtafiti John Marzluff na wenzake walivaa vinyago, wakanasa kunguru saba wa huko, kisha wakawaachia. Baada ya hapo, waliopita wamevaa vinyago vya namna ile walizomewa, hata na kunguru ambao hawakuwahi kunaswa. Walijifunza kwa wenzao, na miaka ilivyopita wazomeaji wakaongezeka. Kujifunza huku kwa wenzao ndiko kunakostaajabisha zaidi.

Hutengeneza zana

Mwaka 2002 huko Oxford, Uingereza, kunguru wa New Caledonia aitwaye Betty alipinda waya ukawa ndoano, akavuta kindoo cha chakula.

Pwani yetu je?

Kunguru akiona mwenzake amedhurika mahali, hupaepuka. Ndiyo maana sumu inayotumiwa dhidi yao, Starlicide, huua polepole: wanakufia mbali na chambo, wenzao wasishuku.